Mzee wa jazi keshapita themanini, niende kumuona?

SUALI: Asalamalekum mhariri. Mwezi ujao nnakwenda London kwa ami yangu, na anataka kunikatia tiketi nikamuone mzee mmoja wa jazi anapiga laivu, umri wake ushapita themanini. Jazi mie naipenda ila naisikiliza kwenye simu tu, zile rekodi za miaka ya 60. Sasa wenzangu wa baraza wananambia ati nnakwenda kumtia hasara ami wa watu, wazee wale pumzi zishakwisha. Niende kweli?
Msomaji, Michenzani

JIBU: Waalekumsalam. Nenda bwana! Ila muulize ami huyo mzee anapiga kitu gani, maana wapulizaji ndo wanaoumia zaidi, saksafoni na tarumbeta zinataka mapafu na midomo, Sonny Rollins mwenyewe, bingwa wa saksafoni aliyezaliwa 1930, maradhi ya mapafu yalimshusha jukwaani 2012. Wa piano na besi wanakwenda mbali kidogo, Abdullah Ibrahim wa piano, mtu wa Cape Town (kazaliwa 1934), na Ron Carter wa besi (kazaliwa 1937) wote walivuka themanini na wakaendelea kupanda jukwaani. Halafu anatokea mtu kama Marshall Allen, kazaliwa 1924, saksafoni hiyohiyo, katoa albamu ya kwanza kwa jina lake 2025 akiwa na miaka 100. Sasa hapo utasema nini?

Na hao wa baraza niulizie, Bi Kidude mbona hawakumwambia pumzi zimekwisha? Umri wake hakuna aliyekuwa na uhakika nao mpaka anafariki Aprili 2013, sauti ishakwaruza, lakini akipanda pale Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara uwanja mzima unamtazama yeye. Hakuna aliyekwenda pale kutafuta sauti ya msichana.

Ukimkuta mpiga piano usitarajie mbio za kwenye rekodi. Abdullah Ibrahim uzeeni anapiga pole pole, wimbo anauingiza ndani ya wimbo mwengine bila kusimama, pengine noti moja tu anaiacha ilie mpaka ife yenyewe ndo anagusa nyengine. Kwenye simu, na bodaboda zinapita nje, hiyo huisikii. Kwa hivo mwambie ami achague viti vya kushoto mnapotazama jukwaa, mara nyingi ndo upande unaoiona mikono ya mpiga piano, hata kama ni nyuma kidogo.

Makofi wenzetu wanapiga hapohapo katikati ya wimbo, kila mtu akimaliza kipande chake cha peke yake, usishangae. Ila usije ukainuka na noti ya pesa mkononi kwenda kumtunza kama umo taarabuni, walinzi watakurudisha kitini mbio mbio!

Jengine, wazee wa umri huo huahirisha onesho kwa sababu ya afya, kwa hivo kabla ami hajalipa asome kama pesa inarudishwa.