Barua kwa mwanangu kuhusu kazi zilizokataliwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, na nyanyako anakuulizia kila siku. Ujumbe wako nimeupata. Umesema umeanza kufanya kazi ndogondogo za mtandaoni huko hosteli, kwamba kati ya kazi 20 ulizotuma 3 zimekataliwa, na sasa kazi nyingi unaziona lakini ukizibonyeza unaambiwa huna sifa. Kisha ukauliza, "Mama, nimekosea wapi, na nifanyeje zisikataliwe tena?" Nakujibu kwa urefu kwa sababu kazi hizi nimezifanya tangu nistaafu ualimu, na kwa sababu nimesikia hasira katika maneno yako. Hasira ukienda nayo kwenye kazi hizi itakuongezea hasara.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyokufungia mlango. Kazi 17 zilizokubaliwa kati ya 20 ni asilimia 85. Waajiri wengi huweka sharti la asilimia 95 kwenda juu, na mfumo wenyewe ndio unaokuzuia, hakuna mtu aliyekaa akakutazama akakukataa. Mtindo huu ulizoeleka tangu Mechanical Turk, jukwaa la Amazon la kazi ndogondogo za mtandaoni, lilipoanza mwaka 2005, na majukwaa mengi yaliyokuja baadaye yana kipimo cha aina hiyo. Sasa piga hesabu ya kurudi. Ukiwa na 3 zilizokataliwa, utafika asilimia 95 siku jumla ya kazi zako itakapokuwa 60. Yaani unahitaji nyingine 40 zikubaliwe zote, pasiwe na hata moja inayorudi. Mwenye kazi 1,000 akikataliwa 3 hatikisiki. Wewe mgeni kila moja ina uzito, kwa hiyo kwa sasa kazi yenye malipo madogo na maelekezo yaliyonyooka ni bora kwako kuliko yenye malipo mazuri na maelekezo ya kubahatisha.

Nimezitazama zote tatu kwenye picha ulizonitumia.

Ya kwanza ni ile risiti ya duka la Marekani. Maelekezo yalisema nakili kila kitu kama kilivyo. Risiti imeandikwa "Tomatos", wewe ukaandika "Tomatoes". Najua ulivyofanya: uliona kosa la tahajia, mkono ukasahihisha wenyewe, maana ndivyo nilivyokulea. Lakini mwenye kazi anafundisha kompyuta kusoma risiti kama zilivyo, pamoja na makosa yake, na herufi uliyoiongeza haipo kwenye karatasi. Halafu tarehe. Risiti inasema 04/07, na fomu ina nafasi ya siku na nafasi ya mwezi. Ukaweka siku ya 4, mwezi wa 7. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo hiyo ni tarehe 7 Aprili. Kila unapoona risiti, bei au anwani, tafuta kwanza ni ya nchi gani kabla hujagusa kibodi.

Ya pili ni ile ya kutafuta neno kwenye Google, kufungua ukurasa na kutuma picha ya skrini. Uliikata picha juu ili usionyeshe mambo yako mengine uliyoyafungua, na ukakata pamoja na anwani ya ukurasa, ambayo ndiyo ushahidi wenyewe. Ukitaka kuficha mambo yako, fungua dirisha jipya lisilo na kitu kingine, kisha piga picha nzima. Lakini nikuambie ukweli, kazi za namna hii sizipendi. Mtu anakulipa ujifanye mgeni wa tovuti yake ili ionekane ina watu. Ziache. Vilevile ziache za kuandika sifa za bidhaa ambayo hujawahi kuishika, za kufungua akaunti kwa namba yako ya simu kwa niaba ya mtu, na yoyote inayokuomba tarakimu za siri zilizoingia kwenye simu yako. Hizo hata zikikubaliwa zimekuharibia.

Ya tatu ndiyo iliyokuuma, ile ya kuchora visanduku kuzunguka magari, iliyorudi na maneno mawili tu, ubora duni. Nimeikuza picha nikaitazama kwa makini. Gari jeupe upande wa kushoto, kisanduku chako kimekata kioo cha pembeni. Maelekezo, mstari wa nane, yanasema vioo vya pembeni vihesabiwe kuwa sehemu ya gari. Lile lililofichwa nusu na mti ulilichora zima, ukakisia mkia wake unaishia wapi, ilhali waliagiza uchore kinachoonekana tu. Wako waajiri wanaotaka ukisie na wako wasiotaka, na huwezi kujua bila kusoma. Na kule nyuma, karibu na taa za barabarani, kuna pikipiki iliyobaki bila kisanduku. Waliandika kila chombo chenye injini. Picha moja, makosa matatu, na yote matatu yalikuwa yamejibiwa kwenye ukurasa ambao nina hakika uliupitia juujuu, kwa sababu kazi zilikuwa zinaisha na wenzako wanazidaka.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, mwanangu. Kukataliwa kwako hakukutokea uliposhika kipanya. Kulitokea ulipobonyeza kukubali kazi kabla hujamaliza kusoma. Soma maelekezo hadi chini, pamoja na mifano ya kosa, maana mifano ya kosa ndiyo mkaguzi anayoitafuta. Kisha jiulize: naweza kumweleza mtu mwingine jinsi ya kuifanya bila kurudi kuangalia? Ukishindwa, irudishe. Kwenye Mechanical Turk kazi uliyoirudisha bila kuituma haipunguzi asilimia yako ya kukubaliwa. Angalia sheria ya jukwaa lako inasemaje kuhusu hili, na kama ni hivyo, irudishe bila aibu yoyote. Wanafunzi wangu waliokuwa wakifeli mtihani wa Hisabati wengi walijua Hisabati. Walijibu swali ambalo halikuulizwa.

Ukiipata kazi mpya yenye mamia ya vipande, fanya vichache, tuma, kisha subiri uone vinapokewaje. Mwajiri ana muda wake wa kukagua, unaweza kuwa hata wa wiki kadhaa. Ukituma vipande 100 kwa usiku mmoja vikiwa na kosa lilelile, vitarudi vyote 100, na hapo hakuna hesabu ya kukurudisha. Kwenye dodoso jihadhari na maswali ya mtego, yale yanayosema katikati ya mengine, chagua jibu la pili ili tujue unasoma. Yamewekwa kwa ajili ya wenye haraka. Na kwenye kazi za kuandika maoni yako, andika yako. Maneno ya ChatGPT mkaguzi anayafahamu, na ameyaona kwa watu wengine kabla yako.

Jambo la hosteli nalo: umesema wewe na mwenzako wa chumbani mnatumia Wi-Fi moja na mnafanya kazi zilezile. Majukwaa mengi huruhusu akaunti moja kwa mtu, na mengine huzuia hata nyumba moja kufanya kazi ileile mara mbili. Mfumo ukiona majibu mawili yametoka mahali pamoja utadhani ni mtu mmoja mwenye sura mbili. Gawaneni kazi, au tumia bando lako. Usijaribu VPN ili uonekane uko Marekani. Wanaofungiwa akaunti kwa sababu hiyo hupoteza na pesa zilizomo. Na huyo kijana anayetaka kukukodishia akaunti yenye asilimia 99, mkatalie. Siku mwenyewe akibadilisha nywila, utalia kwa nani?

Haki yako pia uijue. Si kila kukataliwa ni kosa lako. Wapo waajiri wanaokataa kazi nzuri ili wasilipe huku wakibaki nayo, na hilo limenipata. Ukiwa na hakika umefuata maelekezo, mwandikie. Taja namba ya kazi, nukuu mstari wa maelekezo, onyesha ulivyoufuata, omba akague upya. Sentensi nne zinatosha. Usitukane, usimsimulie shida za karo, kwa sababu anayesoma anataka kitu kimoja tu, sababu ya kubadili uamuzi. Kwa kazi ile ya magari usiandike, hapo hawakukuonea. Ndiyo maana nasisitiza uhifadhi nakala ya maelekezo na ya kazi yako kabla ya kutuma, kwenye folda yenye tarehe, maana baadaye ukurasa hufungwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyakazi wa Mechanical Turk wana mahali panapoitwa Turkopticon wanapopimia waajiri, na kabla ya kazi kubwa ni vyema usome wenzako wanasema nini kumhusu mwenye kazi. Kwenye jukwaa lisilo na kitu kama hicho, waulize walioanza kabla yako.

Kuhusu pesa sitakudanganya. Kazi ya senti 5 za dola inayokuchukua dakika 3 ni dola 1 kwa saa, kwa leo shilingi 130 hivi, na hapo hujahesabu muda wa kusoma na wa kusubiri kazi itokee. Nakisia utajaribiwa kupunguza hizo dakika 3 ziwe 2. Punguza baada ya kuzoea aina moja ya kazi, usipunguze kwa kuruka maelekezo. Kazi mbili za haraka, moja ikikataliwa, zinakulipa chini ya mbili za taratibu.

Na ukifikisha kiwango cha kutoa pesa, zitoe. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kazi hizi la kampuni ya Marekani ya Scale AI, liliwafungia Wakenya ghafla, watu waliokuwa wakilitegemea kulipia nyumba. Usigeuze akaunti ya jukwaa kuwa benki. Hakikisha jina lako la PayPal ni lilelile la kitambulisho, herufi kwa herufi, kisha uhamishie M-Pesa. Karo ya muhula ujao usiiweke kwenye pesa hizi. Hiyo ni yangu na baba yako.

Kwa wiki hii chukua risiti peke yake, kwa sababu kosa lake umeshalielewa. Ile kazi mpya ya kunakili sauti uliyoiulizia, nitumie ukurasa wote wa maelekezo kabla hujaikubali, hasa sehemu inayoeleza uandike nini mtu anapokohoa au wawili wanapozungumza pamoja. Jumamosi jioni nitakupigia tuisome mstari kwa mstari.

Ni mimi mama yako.