Jibu: Darasa la msaada naelewa, jaribio nafeli

Habari yako ndugu. Nimekusoma: kwenye kipindi cha ziada cha aljebra unafuata kila kitu, lakini jaribio likija unapata 11 kwa 30. Hayo yalinipata mwaka wa kwanza, na chanzo hakikuwa ile mada mpya.

Kabla ya yote, toa karatasi ulizosahihishiwa uangalie ni mstari upi ulioteleza. Usitazame jibu la mwisho. Mimi nilikuta kosa moja linajirudia: 5 − 2(x − 4) nilikuwa naandika 5 − 2x − 8. Hasi mara hasi inakuwa chanya, kwa hivyo ni 5 − 2x + 8, yaani 13 − 2x. Kitu cha sekondari hicho! Nilikuwa namlaumu mhadhiri bure.

Ukishalijua kosa lako, lipeleke kwenye kipindi cha msaada. Ukienda na "sielewi kwadrati" (milinganyo yenye x²) utafundishwa upya yale yale. Nenda na swali moja ulilokwamia, sema umekwama wapi.

Halafu fanya bila kutazama daftari. Mfano 2x² − 5x − 3 = 0: ifunge kwa mabano, (2x + 1)(x − 3), x − 3 = 0 inakupa x = 3, kisha rudisha hiyo 3 kwenye swali uone kama inatoa sifuri: 18 − 15 − 3. Nilikuwa nafanya mawili matatu kwenye foleni ya Thika Road, nyuma ya risiti. Kuangalia mwalimu akitatua si kutatua, bwana.

Weka hapa picha ya swali moja lililokushinda, tuone.