Thina, godoro na pete yenye mkia: majibu ya maswali yenu

Toleo lililopita niliandika kwamba ndani ya debe moja la tolueni mna godoro, sukari ya bandia na dawa ya magugu. Simu haikupumzika. Nimechagua maswali matano. Waliotaka niwafanyie kazi za nyumbani watanisamehe.

*Shikamoo mwalimu. Hiyo tolueni ni nini, na huku kwetu iko wapi? (Mama mwenye duka la rangi, Mbauda)*

Marahaba, mama. Iko rafuni kwako. Fungua kopo la thina: ile harufu tamu inayokupanda puani mara nyingi ndiyo tolueni. Ni kimiminika kisicho na rangi, kinachemka kwenye nyuzi 111, na siku hizi hutoka kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi. Jina limetokana na Tolú, mji wa Kolombia uliojulikana kwa utomvu wa mti ambao zamani wanakemia waliipata humo.

Umbo lake ni pete ya kaboni sita yenye mkia mfupi wa kaboni moja. Ukiondoa hidrojeni mahali fulani ukaweka kitu kingine, klorini kwa mfano, umepata tolueni yenye kibadala. Shika hayo maneno mawili, pete na mkia, maana yote yanayofuata yamesimama hapo.

*Mwalimu, darasani tumebishana: klorini ikikutana na tolueni inakaa kwenye pete au mkiani? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi)*

Wote mlikuwa sahihi, ndiyo maana ubishi haukuisha.

Ukiweka mwanga mkali au joto, molekuli ya klorini hupasuka, na kila nusu hutoka na elektroni moja pweke. Atomu ya namna hiyo hung'oa hidrojeni ya mkiani, kwa sababu ndiyo iliyoshikiliwa kwa ulegevu. Unapata benzili kloridi, kitu kinachochoma macho hadi machozi yatoke. Ukizidisha klorini, mkia hubeba mbili, kisha tatu.

Sasa zima taa, punguza joto, tia kichocheo cha kloridi ya chuma. Klorini ileile inageuka mwenye njaa ya elektroni, na elektroni zimejaa kwenye pete. Inakwenda huko. Tena mkia ndio unaoigawia viti: ama jirani yake (otho), ama mkabala naye (para). Nafasi ya meta, iliyo kati ya hizo mbili, hupata makombo tu.

Kwa mtihani andika hivyo utoke. Kiwandani ndipo kazi inapoanza, kwa sababu klorotolueni hizo mbili, ya otho na ya para, hutoka zimechanganyika, na moja huchemka kwenye nyuzi 159, nyingine 162. Kuzitenganisha kwa kuchemsha ni kama kutenganisha mapacha kwa urefu. Njia nyingine ni baridi: para huganda kwenye nyuzi 7 hivi, otho hadi kwenye 35 chini ya sifuri. Chukua mfano wa hapo kwenu. Chupa mbili zikilala nje pale kambi ya Kibo mlimani Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,700, asubuhi ya para ungeikuta imeganda jiwe na ya otho bado inacheza.

Matumizi? Benzili kloridi huzaa benzalkoniamu, dawa ya kuua vijidudu inayotajwa kwenye lebo za baadhi ya visafisha mikono. Klorotolueni ya para, mkia wake ukivikwa florini tatu, ndiyo chanzo cha trifluralini, dawa ya magugu.

*Godoro langu jipya la sponji linanuka siku ya tatu sasa. Ni sumu? (Kijana wa Sakina, Arusha)*

Sponji hiyo nayo ni mjukuu wa tolueni. Pete huwekewa vikundi viwili vya nitrojeni na oksijeni, hivyo vikageuzwa kuwa amini (vikundi vya nitrojeni na hidrojeni), amini zikakutanishwa na gesi ya fosijeni. Kinachotoka huitwa TDI. Ikichanganywa na polioli (kimiminika kizito kinachoungana nayo) na maji kidogo, hutoa kabonidioksidi na mchanganyiko unaumuka kama unga wa maandazi, ila huu huumuka kwa dakika chache na hauporomoki. Jamii hiyo ya plastiki, poliurethani, ilivumbuliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937.

Mvuke wa TDI ni hatari kweli, humletea mfanyakazi pumu ambayo baadaye huamshwa hata na kiasi kidogo mno. Lakini kwenye godoro lililokamilika TDI imeshatumika katika kuumuka. Unachonusa zaidi ni mabaki ya vichocheo na viungo vingine. Toa nailoni, lisimamishe kivulini penye upepo.

*Nashona viatu Ngarenaro. Jioni kichwa kinagonga. Ni gundi? (Fundi)*

Pole sana fundi. Kama gundi yako ina tolueni, inawezekana kabisa. Hamia nje au mlangoni, funika kopo kila unapomaliza kupaka, na barakoa ya kitambaa usiitegemee, haizuii mvuke. Kichwa kisipopoa, nenda hospitali ukawaambie unachofanyia kazi. Jiko la mkaa liwe mbali: mvuke huu ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na tolueni hutoa mvuke wa kutosha kuwaka kuanzia nyuzi 4 tu. Na makopo uliyomaliza usiyatupe ovyo. Watoto wanayaokota kunusa, na inaharibu ubongo.

*Sukari ya bandia na baruti vinahusianaje na thina? (Msomaji wa Moshi)*

Sakarini, ndiyo sukari hiyo ya bandia, iligunduliwa mwaka 1879 kwenye maabara ya Ira Remsen, Baltimore. Constantin Fahlberg alikwenda kula bila kunawa vizuri, akashangaa mkate mtamu. Hutengenezwa kwa kuweka kundi la salfa kwenye nafasi ya otho, kisha mkia huoksidishwa na kujikunja kuwa pete ya pili. Ukiliweka kwenye para, mkia haufiki, na sakarini hupati.

Ama TNT, baruti itokanayo na tolueni, Julius Wilbrand aliitengeneza mwaka 1863 akitafuta rangi ya manjano, na ilichukua miaka mingi watu kutambua kwamba inalipuka. Namna ya kuitengeneza sitaiandika hapa, hata ukinipigia mara kumi. Umeshapiga nne.