Wameuliza asili yetu, sasa wanataka damu tena

SWALI: Shikamoo Bi. Mkunga. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester, Uingereza. Nimejifungua kwa upasuaji. Siku ya tano mkunga alikuja nyumbani akamchoma mwanangu kisigino, akajaza matone manne ya damu kwenye kadi. Pia aliniuliza asili yetu, akaiandika. Juzi wamenipigia simu: homoni ya tezi ya shingo haijaeleweka, damu itachukuliwa tena. Mama mkwe anasema vipimo vyao vimewekwa kwa watoto wa Kizungu. Ni kweli?
Mama Swaleh

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama.

Asili huulizwa hasa kwa ajili ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambayo hupimwa kwenye damu hiyohiyo. TSH, homoni inayoiamsha tezi, haina kiwango cha Mwafrika na kingine cha Mzungu. Ni kweli kwamba Marekani watoto weusi huonekana na tezi dhaifu mara chache kuliko weupe, na huko Uingereza wenye asili ya Asia huonekana nayo zaidi. Lakini hiyo ni hesabu ya makundi. Aliyechomwa kisigino ni wako.

Kinachoiyumbisha TSH zaidi ni saa. Mtoto akitoka tu tumboni kwenye joto akakutana na baridi, ndani ya nusu saa inaruka juu sana, kisha inashuka siku baada ya siku. Ndiyo maana wanangoja siku ya tano. Njiti nao wana mambo yao, hurudiwa kipimo.

Halafu umesema upasuaji. Waulize walikupaka nini tumboni. Ile dawa ya kahawia inayochafua shuka ina iodini, na ikimfikia mtoto kwa wingi, hata kupitia maziwa yako, tezi yake inaweza kuzubaa kwa muda.

Vyovyote iwavyo, usikose siku hiyo. Tezi ikiwa dhaifu kweli, ubongo wake haungoji mjadala wa ukweni. Dawa ni kidonge cha thairoksini, yaani homoni ya tezi yenyewe, kila siku; kinasagwa na kuchanganywa na maziwa kidogo kijikoni. Usikitie kwenye chupa nzima, akibakisha hutajua amekunywa kiasi gani.

Mvishe soksi nzito tangu asubuhi. Enzi zangu nimechoma miguu ya baridi mara mbili kwa tone moja, na kilio chake sijakisahau. Mnyonyeshe wakati anachomwa.