Wa kusoma naye si lazima awe shoga yako

Juzi mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza kanitumia voisi ya dakika nne, nusu analia, ati kapata 11 kwenye 40 ya kosiwaki na mzuka wa kusoma umemtoka kabisa, anauliza dada wewe watu wa kusoma nao uliwapata wapi. Nikacheka kisha nikanyamaza, maana yangu ilikuwa 13 na nikaishia kula sapu ya takwimu, yaani kurudia mtihani.

Mie mtoto wa Wete. Nimekuja Unguja na begi moja na chupa ya mafuta ya nazi alonifungia bibi, na wiki ya kwanza tu nishapata kundi, wasichana sita wote Wapemba, kila kitu pamoja. Diskasheni yetu ikianza baada ya isha. Wallahi tukikaa na madaftari wazi hadi saa nne na hakuna alichoelewa mtu, saa ya kwanza urojo, nani anaufuata, nani kazidisha pilipili, ya pili kila mtu na simu yake, halafu mmoja anasema "si tushasoma leo" na sote tunakubali. Na wa kwanza kukubali ni mie, nisijikoshe.

Matokeo yakatoka, wanne wamepita. Kumbe walikuwa na grupu lao jengine la watsap wakirushiana mitihani ya miaka ya nyuma, mie na mwenzangu mmoja hatumo. Miaka mitatu sasa, tunaamkiana vizuri tu, lakini lile grupu silisahau.

Likizo wenzangu wakapanda boti kurudi Pemba, mie nikabaki. Nikipanda gari Mwanakwerekwe hadi Tunguu, chuo kimya, unasikia feni za maktaba tu. Humo ndimo nikamkuta mama mmoja wa darasani kwetu, mwalimu wa skuli aliyerudi kusoma ukubwani, sisi tukimwita Bimkubwa na tukimcheka kwa maswali yake. Naye kala sapu ileile na hana hata haya. Akanambia, "Mwanangu, mie nafasi yangu baada ya alfajiri tu, watoto hawajaamka. Ukitaka njoo Fuoni."

Nikenda. Barazani pana chai na mkate wa kumimina, nikafungua notsi, yeye akachukua kawa la kufunikia chakula akazifunika. "Haya nambie." Nikamsomea fomula ya variansi, kile kipimo cha namba zinavyotawanyika, kama kasida. Akauliza, kwa nini unagawa kwa n, yaani idadi ya namba, kutoa moja? Kimya. Nikasema ndo alivyosema lekchara.

Akaandika 4, 6, 8, 10. Wastani 7. Tofauti zake −3, −1, 1, 3, jumla sifuri, na siku zote itakuwa sifuri kwa sababu wastani tumeutoa humo humo kwenye sampuli. "Basi ukinitajia tatu, ya nne nitakuuliza ya nini?" Zilizo huru ni tatu, kwa hiyo kila tofauti tukiizidisha kwa yenyewe na kujumlisha tunapata 20, na hiyo 20 tunaigawa kwa 3, hatuigawi kwa 4, tukigawa kwa 4 variansi tunaikadiria ndogo. Semista nzima nilikaa na lile daftari na jambo lenyewe ni la dakika tano! Kesho yake ikawa zamu yangu kufunika kawa, yeye aeleze.

Sapu tukapita sote, na mwaka wa pili takwimu nilipata A, nasema kwa sababu kuna watu walisema mie ya takwimu siiwezi.

Sasa nyinyi mnaosubiri mzuka mtasubiri sana. Mie mzuka sikuwa nao hata siku moja, nilikuwa na mtu mzima ananingoja barazani saa kumi na mbili kasoro na chai inapoa, utalala vipi? Tafuta mmoja, wa pili akizidi sana, na awe mtu unayeona haya kumwendea hujasoma. Shoga zako kula nao urojo. Notsi zifunikwe, mueleze kwa mdomo, ukikwama ndo pa kusoma hapo. Na jamani acheni kuringia makundi ya watu kumi, ile ni harusi.

Haya yote nimemwambia yule mtoto wa voisi. Kanijibu, "Dada kwani wewe huna nafasi?" Nikamwambia ninayo, baada ya alfajiri. Toka juzi tiki mbili za buluu, kimya.