Mtoto kwenda shule kwa miguu: angalia kwanza anapovukia

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama mtoto wako wa miaka 7 anaweza kwenda shule kwa miguu badala ya kupelekwa na gari, maana shule ni karibu ila barabara ina magari ya kasi. Nimelea watoto kwenye hali hiyohiyo, na kwa miaka kadhaa nimo kwenye zamu ya wazazi wanaosindikiza watoto wa mtaani kwetu. Atembee, ila kwa sasa asiende peke yake.

Usichague njia fupi, chagua yenye vivuko vichache. Ipite saa ileile ya shule, na ukifika mnapovukia, chuchumaa macho yako yawe usawa wa macho yake. Gari lililoegeshwa, ambalo wewe unaona juu yake, kwa mtoto ni ukuta, na dereva anayekuja hamwoni mpaka ameshatia mguu barabarani. Ndiyo maana sisi tunavukia mbele zaidi, pasipo na magari yaliyoegeshwa, japo tunazunguka.

Kuvuka hakufundishiki sebuleni. Watoto wa umri huo bado hawajui kukadiria kasi ya gari. Likiwa mbali, kwao liko mbali tu. Mimi nilikuwa namshika mwanangu mkono pale ukingoni, lakini namwachia yeye aseme. "Tuvuke?" Akijibu ndiyo, namuuliza: lile jeupe linapunguza mwendo au linakuja vilevile? Mwanzoni shingo iligeuka kushoto na kulia bila macho kuona kitu. Baadaye akawa ananizuia mimi: "Ngoja, huyo hajasimama." Hapo ndipo nilipojua ameanza kuelewa, na bado sikumwachia mkono.

Kuhusu kundi: Mwaustralia David Engwicht ndiye aliyeeneza wazo la watoto kutembea pamoja na wazazi wakipokezana zamu, miaka ya 1990. Mzazi mmoja mbele, mwingine nyuma. Wa mbele akifika kwenye kivuko anasubiri mpaka wa mwisho afike, ndipo wote wavuke kwa pamoja. Msikubali kundi likatike katikati, kwa sababu aliyebaki nyuma atakimbia kuwafuata wenzake bila kuangalia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na kutembea kwa hatua za haraka kwenda na kurudi kunahesabika. Mwenye kukaa mbali amshushe mtoto kabla ya shule amalizie na kundi. Hiyo inapunguza pia magari yanayorudi nyuma getini, sehemu ambayo mimi inanitisha kuliko barabara kubwa.

Hata hivyo, mtoto hata awe makini vipi, kasi ya magari lazima ishuke. Gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, hata dereva hajakanyaga breki. La kilomita 30 ni kama mita 8. Kwa hiyo dai matuta na kikomo cha 30 mbele ya shule, na msidai mmoja mmoja. Barua yetu ilisainiwa na wazazi pamoja na walimu, tukaambatanisha picha za kivuko zilizopigwa asubuhi watoto wakiwa wamekwama ukingoni. Tulifuatilia muda mrefu, tukarudishwa mara nyingi, lakini matuta yaliwekwa.