Anti, mawazo ya korosho yanaweza kunipa presha?

SWALI: Anti shikamoo. Mi mkulima wa huku Tandahimba, nina miaka 44, mke mmoja watoto wanne. Mwezi wa tano nilikwama hela ya palizi na ya shule nikaenda kwa jamaa wa kangomba, wale wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi, nikachukua, tukakubaliana namlipa korosho msimu ukifika. Msimu ndo huu, korosho zimetoka kidogo, na jamaa kila jioni anapita na pikipiki anaizima mlangoni kwangu hasemi kitu, anakaa kidogo anaondoka. Usingizi sina, tumbo linachoma hasa nikiwa na njaa, kichwa kinauma kila siku, juzi nimepima presha nikaambiwa 150 kwa 95. Zahanati wanasema ni mawazo tu nipunguze. Shemeji yangu anasema nimerogwa. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wa zahanati kapatia nusu, shemeji yako tumuache apumzike kwanza.

Nusu aliyopatia ni kwamba mawazo yanaingia mwilini kweli, hujaigiza. Ukikutana na nyoka chini ya mkorosho kuna tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, presha inapanda, sukari inaachiwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu, na tumbo linasimamisha kazi zake kwa muda. Walter Cannon, mtaalamu wa Marekani, aliieleza hali hii zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Nyoka akishaingia porini, baada ya muda umetulia. Sasa wewe nyoka wako anakuja na pikipiki kila jioni, huwezi kumpiga na huwezi kukimbia nyumba yako, kwa hiyo mwili haupati nafasi ya kushuka, na homoni nyingine inaitwa kotisoli inabaki juu, ndo hapo usingizi unaondoka na kichwa kinaanza.

Nusu aliyokosea ni hilo neno "tu". Hans Selye, aliyekuwa Montreal kule Kanada, mwaka 1936 aliandika kuhusu panya aliowapa baridi, mazoezi ya kupitiliza, dawa kali na mateso mengine, na kila alichowafanyia waliishia palepale, tezi za juu ya figo zimevimba na tumbo lina vidonda. Watu wakashika hiyo, miaka na miaka vidonda vya tumbo vikawa ni ugonjwa wa mawazo. Wakaja Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kwamba vingi vinaletwa na bakteria, Helicobacter pylori, na Marshall alivyoona wenzie hawamuelewi mwaka 1984 akawanywa hao bakteria mwenyewe, tumbo likavurugika kweli kweli. 2005 wakapewa Nobel. Kwa hiyo nenda kaombe kipimo cha hao bakteria, kipo cha choo na kipo cha pumzi, wakikutwa unapewa antibayotiki zaidi ya aina moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na dozi unaimaliza hata kama siku ya nne umepata nafuu. Ukiona choo cheusi tii au unatapika damu usisubiri kesho, siku hiyohiyo hospitali.

Na kuna kitu hujaniambia ila nakuuliza, kichwa kikiuma unameza nini? Mana najua huko shambani mgongo ukikaza mtu anaenda duka la dawa anachukua diklofenaki au ibuprofeni anameza bila hata kula. Hizo zinachubua tumbo na zinaweza kupandisha presha pia. Inawezekana nusu ya mashtaka yako yamo mfukoni mwa shati lako.

Presha hiyo iko juu, mpaka ni 140 kwa 90, ila siku moja haitoshi kukuita mgonjwa. Rudi siku nyingine, kaa umetulia dakika 5, mkono juu ya meza, usipige stori. Ikirudia vilevile utaanzishiwa matibabu, na kama ni dawa huziachi kisa deni limeisha, unaacha ukiambiwa na daktari.

Sasa deni. Richard Lazarus na Susan Folkman mwaka 1984 waligawa namna watu wanavyopambana na stresi, kuna kulishughulikia tatizo lenyewe na kuna kuutuliza moyo. Watu wengi tunachanganya, tunautuliza moyo kwenye jambo linalotaka hesabu. Mkeo analijua hili deni? Kwenye meseji yako umemtaja kwa idadi tu. Kaeni wawili muandike kilo mlizopata, kilo unazodaiwa, na za kula na shule. Halafu mfuate jamaa wewe, mchana, ukiwa na mtu mzima wa kijiji, mwambie msimu huu natoa hizi, zilizobaki msimu ujao. Kangomba yenyewe serikali imeipiga marufuku, na yeye kelele hazitaki. Bei ya mnada na mvua hivyo huviwezi, hapo ndo pa kuutuliza moyo, swala, kutembea, bao na wenzio kibarazani. Nipa, ile pombe kali ya mabibo, usiiguse, inakulaza saa nne inakuamsha saa tisa usiku na hesabu zote kichwani.

SWALI: Anti, niko Lindi mjini, namuuguza mama kapooza, huu mwaka wa pili, peke yangu. Mafua hayanikauki na kijeraha nilichojikata kisu hakifungi. Nina ugonjwa gani?

JIBU: Pole sana mwanangu. Inawezekana ni uchovu wa kuuguza. Kuna utafiti wa Marekani wa 1995, waliwatoboa ngozi kidogo wanawake wanaouguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, vidonda vyao vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi kuliko vya wenzao wasiouguza. Na Uingereza watu waliwekewa virusi vya mafua puani, wenye stresi nyingi ndo waliougua zaidi, hiyo ilichapishwa 1991. Ila pima sukari kwanza, kidonda kisichofunga sio cha kubahatisha, na kama kuna kikohozi cha wiki mbili pima na TB. Ndugu zako nao wana mikono, waite kikao, uwape zamu zenye siku na saa, usiwaambie "mnisaidie" kwa ujumla, watasema ndiyo na hawatakuja. Hata asiye Lindi atume hela ya dada wa kukupokea siku mbili kwa wiki.

SWALI: Nasoma Masasi, nikiingia chumba cha mtihani moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Ni moyo?

JIBU: Ni ile adrenalini ya juu huko. Vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe taratibu zaidi kwa mdomo, mara kadhaa, ndo ufungue karatasi. Ukidunda hivyo hata umekaa nyumbani huna mtihani, au ukazimia, nenda hospitali wakusikilize.